Jinsi ya kulifasiri "anon", neno la Kiingereza lililochelewa njiani

Mgahawa mmoja Kariakoo, saa saba mchana. Meza tatu zinamwita mhudumu kwa mpigo. Mkono wa kulia amebeba sahani mbili za wali maharage, wa kushoto jagi la maji ya kunawa. Hageuki, anajibu tu: "Sasa hivi, bosi!" Hakuna anayetazama saa. Kila aliyeketi anajua kwamba ameambiwa "nimekusikia", na kwamba chakula kitafika kitakapofika.

Ukilielewa jibu hilo, nusu ya kazi ya kulifasiri neno la Kiingereza cha zamani "anon" umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni kujua maandishi uliyonayo ni ya mwaka gani.

Neno hili huwakwaza wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma fasihi ya Kiingereza, waigizaji wanaojifunza tamthilia za Shakespeare, na wahubiri wanaoifungua Biblia ya King James kando ya ile ya Kiswahili. Kosa lao ni moja. Wanafungua kamusi, wanakuta "baadaye kidogo", wanaibandika maana hiyo kila mahali. Kamusi haijadanganya. Imewapa maana ya mwisho ya neno lililoishi zaidi ya miaka elfu moja, nao wakadhani ndiyo maana pekee.

Hakikisha kwanza ni neno lenyewe

Kuna "anon" mbili, wala hazina undugu. Moja ni kifupisho cha neno lenye asili ya Kigiriki, kutoka "an", yaani bila, na "onoma", yaani jina. Hiyo huwekwa chini ya shairi, mahali ambapo jina la mtunzi lingekaa, na tafsiri yake ni "mtunzi hajulikani". Ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye intaneti kwa mtu aliyeficha jina. Ya pili ndiyo yetu: kielezi cha wakati, Kiingereza cha asili kabisa.

Wengi hufundishwa kuzitofautisha kwa herufi kubwa na nukta, kwa kuwa kifupisho huandikwa "Anon." Alama hiyo haitoshi. Katika onyesho la kwanza la Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, wachawi watatu wanaitwa na viumbe vyao, na katika matoleo mengi ya leo yule wa tatu anajibu kwa neno moja tu, "Anon." Lina herufi kubwa na nukta, na bado ni kielezi. Kipimo cha uhakika ni swali. Uliza "lini?" Neno likijibu, ni kielezi. Likijibu "nani?", ni jina lililofichwa.

Moja iliyo ndani ya neno

Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, yalikuwa maneno mawili: "on ān", irabu ya pili ikivutwa. "On" ni "katika", na "ān" ni "moja". Katika moja, basi. "Ān" hiyo ndiyo iliyozaa "one" na "an" za leo. Imo pia ndani ya "once", "only" na "alone", na imo ndani ya "atone", ambalo chanzo chake ni "at one", kuwa kitu kimoja, kupatana.

Maana ilisogea kidogo kidogo. Mwanzoni ilikuwa kuwa pamoja, katika kundi moja au mwendo mmoja. Kutoka hapo ikawa mwendo usiokatika, na mwendo usiokatika ukawa "bila kukawia". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa hapa, kwa sababu lugha yake imepita njia hiyo hiyo: pamoja, moja kwa moja, mara moja. Ukimwambia bodaboda "nenda moja kwa moja", unazungumzia njia isiyopinda. Ukimwambia mtoto "njoo mara moja", unazungumzia wakati usiopinda. Maana ya awali ya "anon" ni "mara moja", karibu neno kwa neno, na hii ni bahati ambayo mtafsiri wa Kiswahili asiiache ipite.

Halafu neno likalegea. Sababu yake haimo katika sarufi, imo katika tabia za watu. Aliyeitwa hujibu kwamba anakuja papo hapo, kisha anamaliza kwanza alichokishika. Akirudia hivyo kwa miaka mia mbili, yeye na wenzake, wasikilizaji huanza kulipima neno kwa kitendo kinacholifuata, na kitendo kimechelewa. Kufikia karne ya 16 "anon" lilikuwa tayari limebeba maana ya "baadaye kidogo", huku ile ya zamani ikiwa bado hai kando yake. Wala halikuwa peke yake. "Soon" ya leo ilikuwa "sōna", na maana yake ilikuwa papo hapo. "Presently" na "by and by" nayo yalianzia kwenye "mara moja" yakaishia kwenye "subiri". Maneno ya kuahidi haraka huchakaa kuliko maneno mengine yote.

Usidhani "mara moja" yetu imesalimika. Kwenye bahasha ya dawa, "mara moja kwa siku" ni hesabu. Kwenye amri, "ondoka mara moja" ni papo hapo. Na jirani anayekwambia "natoka mara moja, niangalizie mlango" hakuambii kwamba anaondoka haraka, anakuambia hatakawia kurudi. Maana tatu katika mji mmoja, na hakuna anayepotea, kwa kuwa kila moja ina mahali pake. Msikilizaji wa London mwaka 1600 aliisikia "anon" kwa namna hiyo hiyo.

Tazama tarehe, kisha tafuta kizuizi

Maandishi ya kabla ya 1500 hayasumbui. Kwa Chaucer, mshairi Mwingereza aliyefariki mwaka 1400, anza na "mara moja", "papo hapo" au "pale pale", na uiache tu pale sentensi yenyewe inapokataa. Humo utalikuta pia "anonright", lililokazwa zaidi. Hilo lipe "papo kwa papo".

Maandishi ya karne ya 19 na kuendelea nayo ni mepesi. Mwandishi wa wakati huo aliyetumia "anon" alitaka harufu ya ukale, na maana yake ni ile iliyolegea. "Punde" inatosha, kwa kuwa nayo ina ukale kidogo bila kuwa ngeni.

Kazi iko katikati, karne ya 16 na ya 17, ambako maana zote mbili zinaishi nyumba moja. Hapo kipimo chetu ni kizuizi: tazama kama kuna jambo lililowekwa kati ya neno na kitendo chake. Kikiwepo kizuizi, ni "baadaye". Kisipokuwepo, ni "mara moja".

Chukua The Merchant of Venice, sehemu ya tatu, onyesho la tano. Jessica anataka mumewe amuulize naye anamwonaje. Lorenzo anamjibu kwamba atafanya hivyo "anon", lakini kwanza waende kula. Chakula ndicho kizuizi, kwa hiyo maana haina shaka: "Nitakuuliza baadaye, kwanza twende tukale." Mwenye nakala ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, afungue onyesho hilo ailinganishe mwenyewe kauli ya Lorenzo humo na hii yetu. Ni zoezi la dakika tano linalofundisha kuliko ukurasa wa kanuni.

Sasa chukua Mathayo 13:20 katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, mfano wa mpanzi. Aliyepandwa penye miamba analisikia neno "and anon with joy receiveth it". Mstari unaofuata, dhiki inapokuja, "by and by he is offended". Msomaji wa leo anayekijua Kiingereza cha ofisini anaona mtu anayelipokea neno baada ya kitambo, kisha akapoa polepole. Mfano mzima unavunjika, kwa sababu mbegu ya penye miamba sifa yake ni kuota upesi na kukauka upesi. Hakuna kizuizi katika mstari wowote kati ya hiyo miwili, na Kigiriki kina neno lile lile mara zote mbili, "euthys", papo hapo. Waingereza wenyewe waliona tatizo: tafsiri yao iliyosahihishwa, Agano Jipya la mwaka 1881, iliyaondoa yote mawili ikaweka "straightway". Biblia ya Kiswahili ya Muungano ina "akalipokea mara kwa furaha". Mhubiri anayesoma lugha zote mbili aiamini hiyo "mara". Marko 1:30, habari za mkwewe Simoni mwenye homa, ni vivyo hivyo.

Nani kamwita nani

Mara nyingi kwenye tamthilia "anon" si habari ya wakati hata kidogo. Ni itiko. Mtu ameitwa, naye anaitikia. Ukiweka "baadaye kidogo" hapo, umemgeuza mtumishi kuwa mjeuri.

Katika Romeo and Juliet, sehemu ya pili, Juliet yuko dirishani na mpenzi wake yuko chini bustanini. Yaya anamwita kutoka ndani. "Anon, good nurse!" Kiswahili kina itiko la msichana kwa aliyemzidi umri: "Abee!" Kwa hiyo, "Abee, naja!" inabeba vyote: heshima, sauti ya kupaza, na wasiwasi wa kugunduliwa. Mwanamume angeitika "Naam". Tofauti hiyo Kiingereza hakina, nasi hatuna sababu ya kuitupa kwa kuwa tu haimo kwenye maandishi ya awali. Kwa ladha ya zamani zaidi ipo "Labeka", lakini hadhira ya vijana wa Dar es Salaam huenda isiikamate kwa kuisikia mara moja, na jukwaani hakuna kurudia ukurasa.

Bawabu wa Macbeth ana kisa kingine. Mlango unagongwa usiku, naye anapaza "Anon, anon!" huku akijikokota. Wanafunzi wengi huandika "Karibu, karibu!", kwa kuwa mtu akipiga hodi hujibiwa hivyo. Ni kosa, maana "karibu" inafungua mlango, na bawabu huyu bado hajaufungua. "Naja, naja!" ndiyo sahihi, na ikisemwa kivivu inamwonyesha bawabu kamili pamoja na ulevi wake.

Mfano mgumu kuliko yote uko Henry IV, tamthilia ya kwanza kati ya mbili zenye jina hilo, sehemu ya pili, onyesho la nne. Francis ni mhudumu wa kilabu. Mwana wa mfalme anamshika kwa maswali, wakati rafiki yake yuko chumba kingine akiita "Francis!" bila kukoma. Kila akiitwa, Francis anapaza "Anon, anon, sir." Mwana wa mfalme anamwahidi paundi elfu moja, amwombe wakati wowote autakao, atapewa. Papo hapo anaitwa tena, anaitikia "Anon, anon", na mwana wa mfalme anaigeuza iwe jibu lake: "Anon, Francis? La, Francis, kesho, Francis, au Alhamisi."

Hapa "Naam, naja!" inaua mchezo mzima. Inaitikia wito vizuri, lakini haijibu swali la lini, kwa hiyo mzaha wa mwana wa mfalme unabaki hewani. "Baadaye kidogo" inajibu lini, lakini hakuna mhudumu anayeitika hivyo. Linatakiwa neno linalofanya kazi zote mbili kwa pumzi moja, na tunalo, lile la mgahawani Kariakoo:

"Sasa hivi, bwana, sasa hivi!"
"Sasa hivi, Francis? La, Francis, labda kesho."

Ukikwama, usianze kwa kuuliza neno lina maana gani. Uliza neno linafanya kazi gani pale lilipo, na kama ni kazi mbili, tafuta la Kiswahili lenye kazi hizo mbili kabla hujaridhika na lenye moja.

Maneno yetu yanayoteleza

Upande wa Kiswahili una mitego yake, na mkubwa ni "kitambo". Biblia ya Muungano inasema "Bado kitambo kidogo nanyi hamnioni", Yohana 16:16, na hapo ni muda mfupi. Mtaani leo, "tulionana kitambo" ni zamani. Neno limegeuka likaelekea upande wa pili kabisa, kama "anon" lilivyofanya. Ukilitumia peke yake, msomaji wa Sinza ataelewa kinyume. Ukilitaka, liambatishe na "kidogo" kila mara.

"Hivi punde" hutegemea kitenzi. "Pantoni limeondoka hivi punde" ni wakati uliopita, umelikosa, subiri lingine. "Pantoni litaondoka punde" ni wakati ujao, kimbia. "Anon" la Kiingereza katika maana yake iliyolegea huelekea mbele, kwenye tukio lijalo, kwa hiyo kwenye maneno ya ahadi weka "punde" pamoja na "-ta-", na uiachie "hivi punde" habari za redio. Kwenye masimulizi, ambako jambo moja linafuata jingine, usiihangaikie sana: "mara" pamoja na "-ka-" inamaliza. "Mara akatokea mzee" ni Kiswahili safi, na haina haja ya kupambwa.

"Karibuni" iepuke jukwaani. Kwenye karatasi ni "muda si mrefu", lakini mdomoni watazamaji wanasikia wanakaribishwa.

Ukikutana na "ever and anon", ni kitendo kinachorudiwa. Katika tamthilia hiyo hiyo ya Henry IV, mhusika aitwaye Hotspur anasimulia habari za bwana mmoja mtanashati aliyekuja uwanja wa vita na kikasha cha manukato, akikinusa "ever and anon". "Mara kwa mara" haikosei, lakini imepooza. Afadhali: "mara akipeleke puani, mara akiondoe." Muundo huo wa "mara… mara" unafaa pia pale Kiingereza kinaposema "now" kisha "anon", yaani sasa hivi kitu kiko hivi, punde kiko vile. Na "of this more anon" ya waandishi wa insha ni "hili tutalirudia". Ukiweka neno la wakati hapo unaongeza mzigo bure.

Kulitamka na kulitumia leo

Mkazo uko silabi ya pili: a-NON. Ulimi wa Kiswahili umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo husema A-non, na kwenye mistari ya Shakespeare, ambamo silabi nyepesi hufuatwa na nzito, mstari unachechemea palepale. Mfanye mwigizaji alipige neno mezani kwa kidole, kidogo kisha kwa nguvu, kabla hajalisema. Dakika mbili zinatosha.

Kwenye barua pepe ya kazini usilitumie. Ukimwandikia mteja kwamba ripoti itakuja "anon", ataona ama unatania, ama hujui Kiingereza cha sasa, ama umemtumia mtu asiyejulikana. Andika "shortly", au bora zaidi, taja saa.

Tafsiri ya jukwaani ikishakamilika, ijaribu nyumbani kabla ya kuipeleka kwa wenzako. Mtu mmoja akae jikoni aite jina, mwingine yuko sebuleni aitikie kwa neno ulilolichagua, bila kueleza lolote. Mwulize wa jikoni alielewa nini. Akisema "amenisikia, anakuja", neno limekaa. Akisema "amekataa", umeweka "baadaye" mahali pa itiko. Akija mwenyewe sebuleni kuuliza umesemaje, umechukua neno la kitabuni ambalo halijawahi kupazwa kutoka chumba hadi chumba, na hilo lifute uanze upya.